Siku Kota Ilipomcheka Semboja

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kusema na fisi kujibu, bali zamani ya karibu tu, ya watu kuamshwa na king'ora, palikuwa na kiwanda cha kamba za katani. Nyuma ya kiwanda palikuwa na kota ya wafanyakazi. Kota ile ilikuwa na vyumba sitini, bomba moja la maji, na vyoo vinne, kimoja kimeziba. Kaeni vizuri, wanangu, maana hadithi hii haina haraka, na mwisho wake nitawaachia ninyi.

Kota ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote: chumba kinafuata mkono. Mkono wako ukiwa kwenye mashine, una chumba. Mkono ukitoka kwenye mashine, ufunguo unarudi ofisini. Mtu akistaafu, ufunguo unarudi. Mtu akifukuzwa, ufunguo unarudi. Mtu akifa, ufunguo unarudi. Ila sheria ilikuwa na tundu moja dogo. Mfanyakazi akiuawa na mashine bila kosa lake, mjane na watoto wanakaa chumbani mpaka mtoto wa mwisho amalize darasa la saba. Akiuawa kwa kosa lake mwenyewe, wanapewa siku saba, kisha vyombo nje.

Sasa, katika chumba namba kumi na tisa alikaa mtu aitwaye Semboja, na mkewe Mwajabu, na watoto wao watatu. Wa kwanza alikuwa Shemsa, wa mwisho alikuwa bado anatambaa.

Semboja alikuwa mtu mkimya, na hakuwahi kuonja pombe. Narudia, maana jambo hili mtalihitaji: hakuwahi. Harusini akipewa soda, aliinusa kwanza. Alipoumwa kikohozi, alikataa dawa ya maji ya zahanati mpaka mganga alipomwapia mara mbili kwamba haina kileo. Kota nzima ilijua, na kota nzima ilimtania.

Semboja alisokota kamba katika mashine namba nne. Mashine za safu ile zilikuwa kumi na mbili, na kila moja ilikuwa na kifuniko cha chuma juu ya magurudumu yake. Vifuniko vilikuwa vya zamani, vimepinda, na kamba ilinasa chini yake kila mara. Ukiwa na kifuniko, ulitoa marobota ishirini kwa zamu. Bila kifuniko, ulitoa thelathini. Na ofisi ilitaka thelathini. Basi mmoja akakitoa kifuniko chake, wa pili akakitoa, wa tatu akakitoa, na Semboja akawa wa mwisho kukitoa. Nyapara wao, Mzee Mhando, aliona akanyamaza. Ofisi ilipokea marobota thelathini, na haikuuliza yametokaje.

Asubuhi moja mashine ikavuta kamba, kamba ikavuta shati, shati likamvuta Semboja.

Kabla watu wa ofisi hawajafika kutazama, Nyapara Mhando aliwaambia vijana wake neno moja tu: "Rudisheni." Vifuniko kumi na viwili vikarudi mahali pake, na cha mashine namba nne kikafutwa kwa tambara. Watu wa ofisi wakaja, wakatazama, wakakuna vichwa. Mtu aliingiaje chini ya chuma? Wakaandika: tutachunguza. Wiki iliyofuata vifuniko vikatolewa tena, kwa sababu ofisi bado ilitaka marobota thelathini.

Mnaona tulipofika? Kama Mzee Mhando angekwenda ofisini akasema, "Mimi niliona, mimi niliruhusu," kosa lingekuwa la kiwanda, na Mwajabu angebaki na chumba. Lakini Mhando angefukuzwa, na pamoja naye mikono kumi na mmoja iliyobaki katika safu. Funguo kumi na mbili zingerudi ofisini. Shikeni hilo, tuendelee.

Semboja alikuwa na mtani. Jina lake Mihayo, msukuma mikokoteni ya marobota. Ukoo wa Mihayo na ukoo wa Semboja walikuwa watani tangu babu zao, na mnajua kazi ya mtani msibani. Wengine wanalia, yeye anachekesha. Wengine wanamsifu maiti, yeye anamsema vibaya. Na akisema, hakuna wa kumkasirikia, wala hakuna wa kumkanusha. Ukitaniwa, unaongeza utani. Ndivyo walivyolelewa.

Basi makaburini Mihayo akavaa kofia ya Semboja, akachuchumaa ukingoni mwa kaburi, akachungulia ndani.

"Sogea basi, mtani! Mbona umejitanua? Au kwa kuwa umepata chumba chako peke yako?"

Watu wakaguna kwa kicheko.

"Na ninyi mnamlilia nini mlevi huyu? Kanywa kibuyu cha asubuhi, kanywa na cha mchana, mashine ikamwona anayumba ikamshika mkono, ikamwambia njoo ulale!"

Hapo waombolezaji walicheka mpaka wakashikana mabega. Walicheka kwa sababu ulikuwa uongo. Ungemwita mlevi mtu mlevi, nani angecheka? Waliotoka makaburini walimsimulia Mwajabu nyumbani kwake, na inasemekana hata yeye alifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakatikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Kisha akakaa eda yake.

Sasa msikilizeni mtu wa tatu. Katika kota alikuwako mwanamke aitwaye Asteria. Mchana aliandika mizigo katika ghala la kiwanda, na jioni chumba chake kilikuwa darasa la watu wazima. Aliwafundisha kusoma na kuandika bila kuchoka. Wote walimwita Mwalimu. Mwajabu alikuwa mwanafunzi wake, naye alikuwa amefika mahali pa kuandika jina lake lote, ingawa herufi ya M ilimsumbua, ilimkimbilia juu ya mstari.

Mwalimu Asteria ndiye aliyeongoza kikundi cha maigizo cha kota. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya kiwanda, kikundi kilicheza ukumbini mbele ya wakubwa, kisha wakubwa wakala pilau. Mwaka ule Mwalimu alisema, "Tutaigiza maisha yetu wenyewe. Tutamwigiza Semboja. Watacheka, na wakiisha kucheka, watajua."

Akaandika mchezo wa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, Semboja amekufa lakini amerudi kota kupanga foleni ya choo. Sehemu ya pili, Semboja yuko kwenye lango la ahera. Sehemu ya tatu, mashine yenyewe inasimama mbele ya watu na kusema nani alitaka marobota thelathini. Sehemu ya tatu ndiyo iliyokuwa moyo wa mchezo. Nani amwigize Semboja? Mihayo, bila shaka.

Mihayo alisoma karatasi, maana naye alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, akakuna shingo.

"Mwalimu, umeniwekea na yale maneno ya pombe."

"Si ni yako mwenyewe?"

"Yangu ya makaburini."

"Yaliwachekesha watu?"

"Yaliwachekesha."

"Basi yatawachekesha tena. Mtu akicheka hafungi mlango. Sehemu ya tatu ikija, itamkuta mlango wazi."

Mihayo akakubali. Tena alipenda kuchekewa, tusimfiche.

Siku ya sikukuu ikafika, baada ya adhuhuri. Eda ya Mwajabu ilikuwa imekwisha wiki ile ile, na huko ukumbini ndiko kulikokuwa kutoka kwake kwa kwanza. Alikaa benchi la nyuma na mtoto mapajani. Mbele kabisa alikaa meneja mpya, aliyefika kiwandani wiki tatu tu zilizopita kutoka mji wa mbali. Kushoto kwake karani wa ofisi, kulia kwake Nyapara Mhando, aliyeitwa akae pale awaeleze wageni nani ni nani.

Pazia, ambalo lilikuwa mashuka mawili, likafunguliwa. Mihayo akatoka amejifunga sanda, kopo la maji mkononi, akajiunga na foleni ya choo.

"Wee! Wee maiti! Umetoka wapi, unapita mbele?" mwanamke mmoja wa foleni akamfokea.

"Dada, mimi nimeshakufa."

"Kufa kwako kunanihusu nini? Nimesimama hapa tangu alfajiri. Rudi nyuma!"

"Nina safari ya ahera, dada."

"Na mimi nina safari ya zamu. Ahera kuna king'ora?"

"Sijui, sijafika."

"Basi subiri. Wafu na walio hai, foleni ni moja."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Meneja alitoa kitambaa akafuta macho. Mwajabu naye alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu siku ile.

Sehemu ya pili, Mihayo amefika lango la ahera. Mlinzi wa lango amevaa kofia kama ya mlinzi wa kiwanda.

"Kitambulisho!"

"Nimezikwa bila kitambulisho, bwana."

"Umechelewa."

"Nimekufa kabla ya wakati, bwana, nimechelewaje?"

"Usinijibu. Umekufa kwa nini?"

"Kwa pombe, bwana. Nilikunywa kibuyu cha asubuhi, nikanywa cha mchana, nikaona mashine inanikonyeza. Nikasema, hee, siku zote inaninung'unikia, leo imenipenda! Nikaenda kuibusu."

Hapo watu mia tatu walipiga mayowe. Walipiga miguu chini, walianguka juu ya wenzao. Ile ya kuibusu mashine haikuwa kwenye karatasi. Mihayo aliiongeza hapo hapo, kwa utamu wa kile kicheko.

Meneja akainama kulia. "Nyapara, huyu wanayemwigiza ndiye yule aliyekufa?"

"Ndiye, Bwana Meneja."

"Ndivyo alivyokuwa?"

Nyapara Mhando akatazama viatu vyake. Akasema, "Watu wa kota wanajuana, Bwana Meneja."

Wakati huo nyuma ya mashuka Mwalimu Asteria alikuwa anajifunga mabati kifuani. Yeye ndiye angekuwa mashine ya sehemu ya tatu. Nyapara Mhando aliyasikia yale mabati yakigongana. Alijua yatasema nini, kwa kuwa kota hakuna siri. Alijua yakishasema, meneja atakwenda kutazama safu ile, na safu ile siku hiyo ilikuwa wazi, vifuniko vyote viko nyuma ya ghala. Akasimama.

"Bwana Meneja," akasema, "pilau inapoa."

Wakubwa wakasimama. Mstari wa mbele ukabaki viti vitupu. Mwalimu akatoka na mabati yake, akaona viti, akaanza hata hivyo. Aliwaeleza watu wa kota habari za vifuniko na marobota thelathini, mambo waliyoyajua kumshinda yeye. Hakuna aliyecheka.

Mlangoni, karani wa ofisi hakwenda kula. Alikuwa na karatasi. Akamwendea Mwajabu kwa adabu.

"Mama Shemsa, pole na msiba. Mchezo umeuonaje?"

"Mzuri, baba. Nimecheka mpaka mbavu zinauma."

"Hayo waliyosema kuhusu marehemu, ni kweli?"

Na Mwajabu, ambaye kicheko kilikuwa bado hakijamtoka kifuani, alijibu kama watu wake wote wanavyojibu utani. Aliongeza.

"Kweli tupu! Mbona wamemwonea haya? Yule alikunywa hata mafuta ya taa, usiku tunakaa gizani!"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko upya. Karani akaandika. Kisha akasema, "Naomba uweke jina lako hapa chini, mama. Au nilete wino wa dole gumba?"

Mwajabu akajinyoosha. Dole gumba? Mbele ya watu wote hawa? Akampa jirani mtoto, akaishika kalamu, akaandika jina lake lote, taratibu, ulimi nje kidogo. Herufi ya M ilikaa juu ya mstari. Watu walimpigia makofi. Alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyevishwa nishani.

Siku ya nne barua ikaja. Ilisema uchunguzi umekwisha. Ilisema marehemu alikuwa mlevi, imethibitishwa na wenzake kwa mchezo wa hadhara, pia na mjane kwa sahihi yake. Siku saba.

Wakaenda ofisini, Mihayo mbele, Mwalimu nyuma yake, Mzee Mhando nyuma kabisa. Mihayo akaeleza.

"Bwana Meneja, ule ni utani. Mtani akisema hivi, maana yake si hivi."

"Kwa hiyo ulidanganya?"

"Sikudanganya. Nilitania."

"Alikunywa au hakunywa?"

"Hata soda aliinusa, bwana!"

"Watu mia tatu walicheka," akasema meneja, na hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayejumlisha. "Nilikuwepo. Kama ni uongo juu ya maiti, mbona hakuna hata mmoja aliyesimama kukasirika? Na mkewe akatia sahihi. Na kifuniko kilikuwa mahali pake. Nieleweshe, mtu asiyelewa anaingiaje chini ya kifuniko?"

Mihayo akamtazama Mhando. Mwalimu akamtazama Mhando. Mhando akatazama dirisha, na nje ya dirisha vijana wake kumi na mmoja walikuwa wanaingia zamu.

Wakatoka.

Sasa kota ilikuwa na desturi moja, nayo iliitwa kuachia mkono. Mfanyakazi akitaka kuondoka, anaweza kwenda langoni asubuhi na mtu wa kumrithi. Anainua mkono wake mbele ya mlinzi, kisha anaushika mkono wa yule mtu na kuuinua. Mlinzi anafuta jina moja na kuandika jingine. Kazi inahama, na chumba kinahama. Ofisi haikuwahi kukataa, kwa kuwa ofisi ilitaka mikono, haikujali ni ya nani. Mashine namba nne ilikwisha pewa mtu mwingine, naye alikuwa analala kwa binamu yake akingoja ufunguo wa namba kumi na tisa. Kwa hiyo Mwajabu angebaki kota kwa njia moja tu: mtu amwachie mkono, naye mtu huyo aondoke na watu wake.

Jioni ya siku ya sita ya zile saba kota ikakutana penye bomba. Mwenyekiti wa kota akasema, "Mtu wetu anatoka kesho kwa maneno yaliyosemwa na vinywa vyetu. Nani ataachia mkono?"

Maji yalidondoka ndooni.

Mwalimu Asteria akasema, "Aliyeyasema ni Mihayo. Makaburini kayasema, ukumbini kayasema, na akaongeza busu."

Mihayo akaruka. "Mimi? Mimi nilitimiza haki ya mtani! Nisingemtania Semboja, mngeniambia nina kinyongo naye. Utani wangu niliuacha makaburini, ukaoza na maua. Nani aliufukua? Nani aliuandika kwa kalamu, akaupeleka kwa watu wasio na utani nasi? Wewe, Mwalimu! Na lile jambo la kweli, lenye chuma na marobota, uliliweka wapi? Mwisho! Wewe unayejua kusoma, hujui kwamba wakubwa hawakai mpaka mwisho?"

"Niliandika ili nimwokoe," akasema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na nani anabisha? Wote tulimwokoa. Mtazame alivyookoka."

"Ningeanza na chuma, wangeondoka mwanzo."

"Basi wangeondoka bila lile la pombe!"

Mwalimu akageuka. "Sehemu ya tatu ilikuwapo. Nilikuwa nimeshavaa mabati. Aliyewaondoa wakubwa yumo humu."

Mzee Mhando hakungoja kutajwa. "Ni mimi," akasema. "Niliwaondoa. Ningewaacha wakae dakika kumi zaidi, hapa leo tungekuwa tunajadili vyumba kumi na viwili. Wewe, Kimweri, ungekuwa wapi? Na wewe, Sengasu, na mapacha wako? Nilikuwa na chumba kimoja upande huu na vyumba kumi na viwili upande huu. Niambieni ninyi mlivyofundishwa kuhesabu."

Vijana aliowataja waliinamisha vichwa. Walikuwa wanamshukuru, na walikuwa wanaona haya kumshukuru.

"Na Semboja mwenyewe asingekufa," akasema Mihayo, "kama ungesema siku ile ya kwanza kifuniko kilipotoka."

"Ningesema, mngenichukia mpaka kesho. Nani kati yenu aliniomba niseme? Mliniomba ninyamaze."

Mwenyekiti akauliza, "Na anayeweza kuondoka ni nani?"

Mihayo akasema, "Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na mama yangu haoni. Nikiondoka, tunaondoka wanne kasoro mmoja tumboni."

Mwalimu akasema, "Mimi niko peke yangu, najua mnalifikiria hilo. Lakini sina kwetu. Kaka yangu aliuza kiwanja cha wazazi. Na nikiondoka, darasa linaondoka. Watu thelathini mtabaki na dole gumba."

Mihayo akasema polepole, "Angekuwa na dole gumba, angeogopa, angeuliza karatasi ni ya nini." Mwalimu akafunika uso.

Mzee Mhando akasema, "Mimi nina watoto wanane. Lakini si hao. Nikiachia mkono leo, chumba kitahama, lakini unyapara haurithiwi: kesho analetwa nyapara mpya. Atazipita mashine saa moja asubuhi, ataona vifuniko havipo, na saa mbili vijana kumi na mmoja watakuwa barabarani. Nitakuwa nimeokoa nini?"

Ndipo Mwajabu aliposema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Msinigombee kama ubao wa kufulia," akasema. "Mihayo, ulinichekesha, na nilikuwa na haja ya kucheka. Mwalimu, ulinifundisha jina langu, na nilikuwa na haja nalo. Mzee Mhando, vijana wako ndio waliombeba mume wangu. Karatasi ile haikutiwa sahihi na mmoja wenu. Niliulizwa, nikajibu. Nilipewa kalamu, nikaandika. Sikuuliza imeandikwa nini, kwa kuwa nilitaka waone naandika. Kama kosa linahama na mkono, basi wangu ndio ulioandika. Ila mimi sina chumba cha kuachia."

Hakuna aliyepata usingizi, lakini asubuhi ilifika tu.

King'ora kikalia. Wafanyakazi wakapanga foleni langoni. Vyombo vya Mwajabu vilikuwa ukutani: kitanda kimoja, sufuria tatu, mkeka, na kofia ya Semboja juu ya sufuria. Mwajabu mwenyewe alisimama pembeni ya meza ya mlinzi, mtoto mgongoni, wawili mkononi, kwa sababu mwenyekiti alimwambia asimame hapo, huenda mtu akainua mkono.

Mihayo akafika mezani. Mwalimu Asteria nyuma yake. Mzee Mhando nyuma yake.

Mlinzi akafungua daftari. "Nimeambiwa leo kuna anayeachia mkono. Ni nani?"

Mikono ya Mihayo ilikuwa mifukoni. Mikono ya Mwalimu ilikuwa imekumbatia vitabu. Mikono ya Mzee Mhando ilikuwa nyuma ya mgongo.

"Ni nani?" akauliza mlinzi tena. "Foleni ni ndefu."

Najua mmoja wenu ameshanyanyua kidole aniambie: meneja. Nimekusikia, mwanangu, na hukukosea, na mimi nilisema hivyo hivyo nilipokuwa na umri wako. Marobota thelathini yalitakwa na ofisi, si na Mihayo. Lakini meneja alikuwa nyumbani kwake anakunywa chai, wala hakuwa na chumba kwenye kota, wala mlinzi hakumwuliza yeye. Waliokuwa langoni ni hawa watatu: aliyetania, aliyeandika, na aliyesimama kabla ya mwisho. Mmoja alisema uongo ambao wote waliujua ni uongo. Mmoja aliweka ukweli mahali usipofikiwa. Mmoja aliufungia mlango ukweli huo, na nyuma ya mlango walikuwemo watu kumi na mmoja waliolala salama.

Na mlinzi ameshika kalamu, na Mwajabu hamtazami yeyote, anamsogeza tu mtoto mgongoni asilale upande mmoja.

Msinijibu haraka. Mgeukie jirani yako kwanza, umwulize, kisha ujiulize mwenyewe kama ungekuwa wewe umesimama katika foleni ile na chumba chako mfukoni. Je, nani alistahili kuinua mkono?